Thamani chaguo-msingi: pale kompyuta inapojibu kwa niaba yako

Chukua orodha yoyote kubwa ya kompyuta yenye tarehe za kuzaliwa, iwe ya wakulima, ya wagonjwa au ya wapokea huduma, kisha hesabu waliozaliwa tarehe 1 Januari. Si ajabu ukakuta siku hiyo moja ina watu wengi kuliko mwezi mzima wa Aprili. Akina mama hawakupanga kujifungua siku ya mwaka mpya. Watu hao walifika mbele ya karani bila kujua tarehe yao, na mfumo ukahitaji tarehe.

Jibu la namna hiyo, linaloandikwa pale mtu asipojibu, wataalamu wa kompyuta huliita thamani chaguo-msingi. Makala haya yanaeleza ni kitu gani, kinaingiaje kwenye kumbukumbu bila kutarajiwa, na kwa nini mwananchi wa Mwamanyili au wa Bariadi mjini anapaswa kukijua hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Leo mgao wa pembejeo, matibabu ya mtoto na laini ya simu vyote hupitia kwenye majedwali haya.

Jedwali, safu na mstari

Kumbukumbu nyingi za ofisi siku hizi hukaa kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta. Aina inayotumika zaidi ni kanzidata ya majedwali yanayohusiana. Wazo lake lilichapishwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California. Codd alipendekeza taarifa zipangwe kwenye majedwali ya kawaida, na majedwali hayo yaunganishwe kwa namba au majina yanayofanana.

Ukitaka kupata picha, fikiria daftari la AMCOS ya pamba. Kila mkulima ana mstari wake mmoja. Juu ya ukurasa kuna vichwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, ekari, simu, kijiji. Kila kichwa kina safu yake inayoshuka kutoka juu kwenda chini. Kanzidata ni hivyo hivyo, ila yenyewe ni kali kuliko daftari. Safu ya ekari inakubali namba tu. Safu ya tarehe inakubali tarehe tu. Huwezi kuandika pembeni kwa penseli, "huyu aulizwe tena wiki ijayo."

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Daftari la karatasi linavumilia nafasi tupu. Kila anayelifungua anaiona, na anaelewa kwamba kuna jambo halijakamilika. Kompyuta hulazimika kuambiwa mapema: mtu asipoleta jibu, tuweke nini?

Chaguo-msingi lina kazi njema

Anayetengeneza jedwali anaweza kuagiza hivi: safu ya "tarehe ya kuandikishwa" isipojazwa, weka tarehe ya leo. Safu ya "hali ya uanachama" isipojazwa, weka "hai". Safu ya "nchi" isipojazwa, weka "Tanzania". Katika lugha ya SQL, ambayo ndiyo lugha ya kuzungumza na kanzidata hizi, agizo hilo huandikwa kwa neno DEFAULT.

Maagizo ya namna hii huokoa muda. Karani anayeandikisha wakulima 300 kwa siku hana haja ya kuandika "Tanzania" mara 300. Pia hupunguza makosa ya kuandika, maana kompyuta haichoki wala haikosei herufi.

Ubaya unakuja pale chaguo-msingi linapojibu swali ambalo jibu lake ni la mtu mwenyewe. Nchi ya AMCOS iliyopo Busega inajulikana. Ekari za mkulima hazijulikani mpaka aulizwe. Mfumo ukiandika 0 kwa sababu hakuulizwa, kesho yake anayesoma jedwali ataona mkulima asiye na shamba. Sifuri ya kweli na sifuri ya kujijaza zinafanana, na hakuna alama inayozitenganisha.

Sifuri, utupu na kutojulikana

Ili kulielewa jambo hili vizuri, tofautisha vitu vitatu ambavyo katika mazungumzo ya kawaida tunavichanganya.

Cha kwanza ni sifuri. Hii ni namba kamili. Ukisema mtu ana ng'ombe 0, umeuliza na umejibiwa.

Cha pili ni maandishi matupu. Ni sawa na mtu aliyepewa karatasi ya maoni akairudisha bila kuandika neno. Karatasi ipo, maneno hayapo.

Cha tatu ni kutojulikana. Kwenye SQL alama yake ni neno NULL. Maana yake: hapa hakuna thamani, na usifanye kana kwamba ipo.

Fikiria madebe mawili ghalani. Debe lililofunuliwa likakutwa halina kitu, hilo ni sifuri. Debe ambalo bado limefunikwa, hilo ni NULL. Anayesema madebe yote mawili hayana mahindi amesema jambo asilolijua. Hata programu zenyewe hazikubaliani kikamilifu: Oracle, ambayo hutumiwa na taasisi nyingi kubwa duniani, huyahesabu maandishi matupu kuwa ni NULL, wakati PostgreSQL huyaona kuwa vitu viwili tofauti. Taarifa zikihamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, tofauti hiyo inaweza kupotea njiani.

Njia ambazo jibu lisilotarajiwa huingilia

Ziko njia sita kuu.

Ya kwanza ni agizo lililosahaulika. Mtengenezaji aliweka chaguo-msingi wakati wa majaribio, kwa mfano "kijiji namba 1", ili programu isikwame. Kazi ikaanza, agizo likabaki. Kila mkulima ambaye kijiji chake hakikujazwa anahesabiwa kwenye kijiji hicho, na kijiji kinaonekana kufurika watu.

Ya pili ni tabia ya programu yenyewe. MySQL, ambayo iko nyuma ya tovuti na mifumo mingi midogo, kwa miaka mingi ilikuwa na kawaida ya kutokataa mstari wenye upungufu. Safu ya lazima isipojazwa, iliweka 0 kama ni ya namba, au maandishi matupu kama ni ya maneno, ikatoa onyo ambalo wachache hulisoma, kazi ikaendelea. Ukali wa kukataa mstari kama huo uliwekwa kuwa kawaida katika toleo la 5.7 la mwaka 2015. Mifumo iliyojengwa kabla ya hapo, au ile ambayo ukali huo ulizimwa ili programu ya zamani isigome, bado inaweza kujaza yenyewe.

MySQL ilikuwa na jambo jingine la kushangaza zaidi. Safu ya kwanza ya muda ya aina inayoitwa TIMESTAMP, kama mtengenezaji hakutoa maelekezo, ilijijaza saa ya sasa yenyewe, na ilibadilika tena kila mara mstari ule uliporekebishwa. Tuseme safu hiyo ndiyo "tarehe ya kuandikishwa". Mkulima aliandikishwa mwezi wa tisa. Mwezi wa pili akaja kubadilisha namba ya simu tu. Kwenye jedwali, tarehe yake ya kuandikishwa nayo ikahamia mwezi wa pili, na kama kigezo cha kupata mbegu ni kuandikishwa kabla ya msimu, mtu huyo ameondolewa bila yeyote kumwondoa. Kuanzia matoleo ya MySQL 8 kawaida hiyo imebadilishwa.

Ya tatu ni safu iliyoongezwa baadaye. Jedwali lina watu 5,000 tayari. Ofisi inaamua kuongeza safu ya "ulemavu" na kuweka chaguo-msingi "hapana". Papo hapo watu wote 5,000 wanakuwa wamejibu "hapana", ingawa hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Taarifa ya mwaka ikitoka, itasomeka kwamba eneo hilo halina mwenye ulemavu.

Ya nne ni orodha ya kuchagua kwenye skrini. Fomu nyingi zina orodha inayofunguka, na kama hakuna kilichochaguliwa, hubaki kile cha kwanza. Orodha ya mikoa ya Tanzania ikipangwa kwa alfabeti, wa kwanza ni Arusha. Mkazi wa Simiyu aliyejaza fomu kwa haraka kwenye simu anaweza kujikuta mkazi wa Arusha. Hapa kanzidata haina kosa lolote, maana imepokea "Arusha" kama jibu halali.

Ya tano ni karani aliyebanwa. Mfumo ukigoma kuendelea mpaka safu fulani ijazwe, na mtu aliye mbele yake hana jibu, karani hutafuta namna. Huandika 1 Januari. Huandika simu yenye sifuri kumi. Huandika umri 99. Si uzembe kila mara: foleni ni ndefu, jua ni kali, na mfumo hauna kitufe cha "hajui". Mtengenezaji aliyelazimisha jibu ndiye aliyemwachia karani kazi ya kulitunga.

Ya sita huwatatiza hata wataalamu: chaguo-msingi lipo, lakini halifanyi kazi. Agizo la DEFAULT hufuatwa pale tu safu isipotajwa kabisa wakati wa kuingiza mstari. Programu ikiitaja safu hiyo na kupeleka NULL kwa makusudi, kanzidata huichukua NULL kama ilivyotumwa, kama safu inairuhusu. Ndiyo maana katika jedwali moja unaweza kukuta nusu ya watu wana "hai" na nusu hawana kitu. Wale wa mwanzo waliandikishwa kwa fomu isiyotaja safu hiyo, na wale wa pili kwa fomu inayoitaja na kuiacha wazi.

1 Januari 1970, saa 9 usiku

Kuna tarehe moja ambayo ukiiona kwenye simu au kwenye risiti unapaswa kushtuka: 1 Januari 1970.

Mifumo ya ukoo wa Unix, pamoja na programu nyingi zilizofuata, huhesabu muda kwa sekunde tangu saa 6 usiku ya kuamkia siku hiyo kwa saa za Greenwich. Sekunde sifuri ni wakati huo. Kwa hiyo safu ya muda ikijijaza 0, kompyuta hutafsiri sifuri hiyo kuwa tarehe. Kwetu Afrika Mashariki, tulio mbele ya Greenwich kwa saa 3, inasomeka 1 Januari 1970 saa 9 usiku. Marekani, walio nyuma ya Greenwich, husoma 31 Desemba 1969. Kosa ni lilelile, ila limevaa tarehe mbili.

Mwishoni mwa mwaka 2015 mtandao wa Facebook uliwapongeza baadhi ya watumiaji wake kwa kutimiza miaka 46 ya urafiki mtandaoni, wakati mtandao wenyewe ulianzishwa mwaka 2004. Ukitoa 46 kwenye 2015 unapata 1969, na wafuatiliaji wa teknolojia wakaitambua mara moja alama ya sekunde sifuri.

MySQL nayo ina tarehe yake ya ajabu, 0000-00-00, siku isiyo na mwaka, mwezi wala tarehe. Uzuri wa tarehe hiyo ni kwamba haimdanganyi mtu. Hatari kubwa ni tarehe zinazofanana na kweli.

Ramani nazo hujijaza

Mahali pia huhifadhiwa kwenye safu, kwa kawaida mbili: latitudo na longitudo. Zote zikijijaza 0, mtu anaonekana yupo baharini kwenye Ghuba ya Guinea, mahali Ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich. Pale hakuna kisiwa, kuna boya la kupima hali ya hewa tu. Watengeneza ramani wamepatania jina la Kisiwa cha NULL, kwa sababu taarifa nyingi zilizokosa mahali huangukia hapo.

Kwa familia moja ya jimbo la Kansas, Marekani, haikuwa utani. Kampuni ya MaxMind hukadiria kifaa cha intaneti kiko wapi kutokana na namba yake ya mtandao. Pale ilipojua tu kwamba kifaa kipo Marekani, bila kujua mji, iliweka nukta ya karibu na katikati ya nchi, ikiwa imekadiriwa kwa namba nzima: latitudo 38 kaskazini, longitudo 97 magharibi. Nukta hiyo iliangukia kwenye shamba karibu na mji mdogo wa Potwin. Zaidi ya namba za mtandao milioni 600 zilielekezwa hapo. Kwa miaka kadhaa familia ile ilitembelewa na polisi, na watu wenye hasira waliotafuta matapeli na vifaa vilivyoibwa. Mwaka 2016 mwandishi wa habari aligundua chanzo, na kampuni ikaihamishia nukta hiyo ziwani.

Huku kwetu Afrika, nyumba moja ya Pretoria, Afrika Kusini, ilipatwa na balaa kama hilo. Taasisi ya ramani ya jeshi la Marekani ilikuwa imechagua nukta ya kuwakilisha jiji zima la Pretoria, nayo ikaangukia uwani kwa watu. Waliofuatilia simu zilizoibwa walibisha hodi hapo, na polisi vilevile. Habari zake zilitoka mwaka 2019.

Katika visa vyote viwili, mfumo ulikuwa na jibu la kweli la kutoa: "Marekani, mahali hapajulikani", au "Pretoria, mtaa haujulikani". Lakini safu zilihitaji namba kamili, zikapewa, na kila aliyesoma akaamini kwamba kompyuta inajua hadi mlango wa nyumba.

Waliozaliwa mwaka mpya

Turudi kwenye tarehe ya kuzaliwa, maana ndiyo inayogusa watu wengi katika ukanda huu.

Vijana wa kutoka kusini mwa Sudan waliokimbia vita na kufika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1992, wengi hawakuwa na cheti wala mzazi wa kuuliza. Maofisa walikadiria umri kwa kuwaangalia, na siku ikawekwa 1 Januari. Takriban 3,800 kati yao walipelekwa Marekani, wengi mwaka 2000 na 2001, na tarehe hiyo ikawafuata kwenye leseni, shuleni na kazini. Hata leo, katika jamii za wakimbizi walioko Marekani, sherehe ya kuzaliwa ya pamoja siku ya mwaka mpya ni jambo la kawaida.

Huku Usukumani, wazee wengi hawakuwa na tarehe lakini hawakukosa kumbukumbu. Mtu alizaliwa kabla ya Uhuru wa 1961, au wakati wa Operesheni Vijiji, au mwaka wa vita vya Kagera, au mwaka ilipozama MV Bukoba, 1996, au kwenye mvua za El Niño za 1997 na 1998. Majina yenyewe yana taarifa: Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni anayewafuata mapacha, na Mabula ni jina linalotokana na mvua. Ukimuuliza bibi vizuri atakwambia mwanawe alizaliwa wakati wa kuvuna pamba, mwaka ambao daraja lilisombwa. Hiyo ni taarifa nzuri, ina mwaka na karibu ina mwezi. Lakini jedwali lenye safu moja inayotaka siku, mwezi na mwaka halina mahali pa kuipokea. Linapokea 1 Januari, na ule msimu wa kuvuna unapotea.

Tofauti hiyo ina uzito. Mtoto aliyezaliwa Desemba akiandikwa 1 Januari ya mwaka huohuo, kwenye karatasi amezeeka kwa miezi 11. Anafikisha miaka 5 karibu mwaka mzima kabla ya wakati, na msamaha wa matibabu wa watoto chini ya umri huo unamwisha mapema. Kwa mzee, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na mwaka mmoja wa makosa unaweza kumsogeza au kumrudisha nyuma kwenye huduma. Kwa mtumishi wa umma, tarehe hiyo ndiyo inayoamua siku ya kustaafu.

Tena tarehe ya kuzaliwa haikai jedwali moja. Tarakimu 8 za kwanza za namba ya kitambulisho cha Taifa cha NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeanza na 19740101 ameandikwa 1 Januari 1974. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, hutumia namba hiyo. Tarehe iliyokadiriwa mara moja inasafiri kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kila inapofika inapokelewa kama jambo lililothibitishwa.

Mwamanyili: Magu au Busega?

Kata ya Mwamanyili ni mfano mzuri wa safu inayoongezwa baadaye. Leo ipo wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, na Busega ilimegwa kutoka wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Mwamanyili mwaka 1995 alizaliwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, na hajahama hata hatua moja.

Sasa tuseme taasisi fulani ina jedwali la zamani lenye safu ya kata bila safu ya mkoa. Inaongeza safu ya mkoa na kuweka chaguo-msingi "Simiyu". Kila mstari wa zamani unajazwa. Kama safu inauliza "anaishi wapi sasa", wa Mwamanyili wamepata jibu sahihi, lakini yule aliyehamia Geita miaka kumi iliyopita naye ameandikwa Simiyu. Kama inauliza "alizaliwa mkoa gani", na cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanza, nyaraka mbili za mtu mmoja zimeanza kupingana. Mtu huyo ataambiwa alete barua ya kuthibitisha, akidhani kosa ni lake.

Suluhisho ni jepesi likifikiriwa mapema: safu mbili tofauti, moja ya mkoa wa sasa na moja ya mkoa kama ulivyoandikwa kwenye cheti. Mistari ya zamani iachwe NULL mpaka mwenyewe aulizwe.

Jinsi hesabu inavyopotoka

Tuchukue mfano wa wakulima 10. Saba wametaja ekari zao, na jumla ni ekari 35. Watatu hawakuulizwa. Kama watatu hao wameachwa NULL, ukiiambia SQL ikupe wastani itawaruka: 35 kugawa kwa 7, wastani ni ekari 5. Kama wamejijaza 0, watahesabiwa: 35 kugawa kwa 10, wastani ni ekari 3.5. Viuadudu vikiagizwa kwa makadirio ya jumla ya ekari, wale watatu hawamo. Ikiwa kila mmoja wao naye analima ekari 5, zimepungua dawa za ekari 15, na pamba ya mtu italiwa na funza.

NULL nayo ina mtego wake. Ukiiambia SQL ikupe wakulima wote ambao kijiji chao si kile cha kwanza, wale wenye NULL hawatatokea. Kompyuta haijui kijiji chao, kwa hiyo haiwezi kusema ndicho wala sicho. Lazima uwaombe kwa kuwataja: na wale wasiojulikana pia. Anayesahau sentensi hiyo ndogo anaacha watu nje ya orodha.

Namna ya kugundua na kuzuia

Kwa anayesimamia takwimu, kipimo cha kwanza ni kuhesabu kila jibu limejirudia mara ngapi. Katika watu 1,000, siku moja ya mwaka hutarajiwa kuwa na watu 3 hivi. Ukikuta 1 Januari ina watu 200, karibu wote hao ni wa kukadiriwa. Fanya vivyo hivyo kwa kijiji kinachofurika, simu inayojirudia, na mkoa wa kwanza kwenye orodha.

Kwa mtengenezaji wa mfumo, kuna kanuni tatu. Weka chaguo-msingi pale tu ambapo ofisi yenyewe ndiyo inayojua jibu, kama tarehe ya leo au jina la kituo. Kwa jambo analolijua mtu mwenyewe, ruhusu NULL na weka kitufe cha "hajui" na cha "hakuulizwa". Na kwa tarehe ya kuzaliwa, ongeza safu ya pili inayosema tarehe hiyo imetoka wapi: cheti, kadi ya kliniki, kauli ya mzazi, au makadirio. Safu hiyo moja ingetosha kumwonya kila anayesoma 1 Januari.

Kwa karani: usilazimike kutunga. Mfumo ukikubana, orodhesha pembeni majina ya waliokadiriwa na umpelekee msimamizi, maana baada ya miezi sita hata wewe hutakumbuka ni nani.

Kwa mwananchi: ukiandikishwa mahali popote, omba usomewe kilichoandikwa kabla ya kuweka dole gumba. Sikiliza hasa mambo ambayo hukuulizwa. Kama umesikia tarehe ambayo hukuitaja, ekari ambazo hukuzitaja, au mkoa ambao hukuutaja, sema palepale. Kwa mtoto aliyezaliwa mwaka huu, tarehe kamili ipo kwenye kadi ya kliniki. Ipeleke kadi hiyo wakati wa kuandikisha cheti, ili pasiwe na nafasi tupu ya kujazwa na mtu mwingine.